Unga Mweupe wa Damu na Visigino Vyetu

Batha, Riyadh

Mdogo wangu Mwadime,

“Mafuta kwenye damu ni maradhi ya watu wanene. Sisi tumekonda tangu enzi za babu. Kinachotuua ni kijicho cha majirani. Na anayetafuta ugonjwa huupata.”

Hayo ni maneno ya Baba Mdogo Nyambu, neno kwa neno, kama alivyoyatuma kwa sauti katika kundi la familia kwenye simu. Nimeyasikiliza mara nne, mara ya nne nikiwa na kalamu mkononi. Sentensi nne, makosa matatu, na kosa la tatu linaweza kukuua wewe. Ndiyo maana leo ugomvi umetangulia na salamu zimefuata nyuma. Nisamehe kwa hilo, lakini kwa hilo tu.

Hujambo? Usinijibu kwa mazoea. Dada Wawuda ameniambia kwamba siku hizi ukipanda kutoka sokoni mpaka nyumbani unasimama mara tatu, mkono kifuani, halafu unajifanya unakagua mahindi ya watu. Ameniambia pia kwamba daktari wa Wundanyi alikuandikia karatasi ya kupimwa damu, nawe ukaikunja ukaitia ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Ayubu, ukangoja Baba Mdogo atoe hukumu. Kwa hivyo nikikuuliza hujambo, nataka jibu. Mama je, miguu yake bado inavimba jioni? Mvua imeshuka huko Mgange, au mnapanda kwa imani? Mimi natembea, nakula, nafanya kazi. Kuhusu uzima mwingine nitakueleza, maana huo ndio habari yenyewe.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu Baba Mdogo hunikatiza, na karatasi haikatizwi. Anaileta Kioko, dereva mwenzangu wa Jeddah, anayekwenda likizo kwa mkewe Mombasa. Atashuka Voi ampe Wawuda.

Unajua kazi yangu. Naendesha gari dogo la baridi la kampuni inayosambazia vyuo na hospitali vitu vya maabara. Kwa miaka mitano nimebeba masanduku kutoka ghala la Riyadh bila kuuliza yana nini ndani. Mimi, niliyekuwa nikibishana na mhubiri mpaka waumini wakaanza kuchungulia saa, nilikuwa nikitia sahihi na kuondoka kama punda. Lakini wiki iliyopita msimamizi wa ghala, Msudani mpole asiyeinua sauti, alinikabidhi sanduku jeupe jepesi lililojaa barafu kavu. Hiyo ni barafu isiyoyeyuka kuwa maji. Hufuka moshi polepole mpaka ikaisha yenyewe. Ndani ya barafu yote hiyo, karatasi ilisema, kulikuwa na kichupa kimoja. Nikasoma mstari uliofuata: protini ya damu ya binadamu, iliyosafishwa.

Nikamuuliza msimamizi, damu ya nani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bahari ni ya nani. “Mafi ismu,” akasema. Haina jina. “Yalla, safari ni ndefu.”

Na ni ndefu kweli. Unatoka Riyadh alfajiri, na mchana kutwa huoni ila jangwa upande huu na jangwa upande ule, ngamia wachache, na vituo vya mafuta vinavyofanana kama mapacha. Baada ya Taif njia inateremka mlimani. Kwa kuwa mimi si Mwislamu, naishika ile barabara inayozunguka nje ya Makka, kisha nashuka Jeddah. Kwa kawaida njia yote hii nabishana kichwani na watu ambao hawapo, wewe ukiwa mmoja wao. Siku ile sikubishana na mtu. Nyuma yangu kulikuwa na kitu kilichotoka ndani ya mwili wa mtu, kidogo kiasi cha kupotea mfukoni, na watu walikuwa wamekizungushia barafu na mihuri na sahihi tatu. Nikawa nawaza kwamba hata sisi tulipomzika Baba hatukumfanyia uangalifu wa namna hiyo.

Maabara yenyewe iko katika chuo kimoja Jeddah. Mlinzi huchukua ikama yako, kile kitambulisho cha ukaazi, langoni, na kwenye mlango wa ndani kila mtu huvua viatu na kuvaa ndara za plastiki za mle ndani. Nilikuwa na makubadhi, miguu mitupu. Nikainama kuyavua. Nilipoinuka nikamwona nyuma yangu mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano, koti jeupe, barakoa usoni, anatazama chini, miguuni pangu. Akasoma jina na nchi yangu kwenye karatasi, akaniambia kwa Kiswahili, “Karibu ami. Pole na safari.”

Mwadime, Kiswahili ndani ya Jeddah! Anaitwa Daktari Faiza. Bibi yake alizaliwa Lamu, akaolewa Hadhramaut, na ukoo ukahamia Jeddah. Kiswahili chake ni cha huyo bibi: kimenyooka, cha zamani, na hakina haraka. Nilimwambia kwamba mimi huulizwa sana ila leo nataka kuuliza. Akacheka, akasema niulize huku anakagua mzigo.

Akalifungua sanduku, moshi mweupe ukamwagika mezani, akakitoa kichupa kwa mikono yenye glavu, akakiinua kwenye mwanga wa taa. Nilitarajia wekundu. Hakukuwa na wekundu wowote. Chini ya kichupa kulikuwa na unga mweupe kidogo sana, kama unaobaki kwenye pembe ya mfuko wa chumvi ukiukung'uta.

“Hii damu?” nikauliza.

“Hii ni hamali aliyekuwa ndani ya damu,” akasema.

Kisha akaniuliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo. Supu ya mbuzi ikipoa, mafuta huelea juu na kuganda, sivyo? Nikasema ndivyo. Kwa sababu mafuta na maji hayapatani? Nikasema kila mtoto anajua hivyo. “Basi, ami, damu yako ni maji, na umekuwa ukila mafuta tangu uachishwe ziwa. Kwa nini hayaelei ndani yako?”

Nimesoma vitabu vingi, unajua. Nimesoma hata vile ambavyo Baba Mdogo alivificha juu ya dari akidhani vitaniharibu. Na bado nilikuwa nimeishi miaka arobaini na saba ndani ya mwili huu bila kujiuliza jambo ambalo sufuria ya supu hutuuliza kila Krismasi.

Akanieleza taratibu, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Mafuta hayawezi kusafiri peke yake katika damu. Lazima yabebwe na mchukuzi. Na mchukuzi huyu, huyu aliyekuwa ndani ya kichupa, ameumbwa na pande mbili: upande mmoja unapenda mafuta, upande wa pili unapenda maji. Hujizungusha kwenye mafuta kama mkanda kiunoni, upande unaopenda mafuta ukiwa ndani na ule unaopenda maji nje, na hivyo mzigo unapita katikati ya maji bila maji kujua. Wachukuzi ni wa aina nyingi. Wengine hupeleka mafuta mwilini. Huyu kazi yake ni kurudisha. Hupita kwenye kuta za mishipa, hukusanya yaliyozidi, huyapeleka kwenye ini, ini likayamaliza. Akishatua, huanza upya. Wewe unalala, yeye halali. Wewe unabishana, yeye anafagia.

Nikamuuliza walimpataje. Akasema walichukua damu ya watu wengi waliojitolea, wakatoa wekundu, yakabaki yale maji ya manjano. Wakayazungusha kwenye mashine kwa kasi ya kutisha mpaka wachukuzi wakaelea pamoja na mizigo yao. Kisha wakawatua mizigo, wakawaosha, wakawakausha. Huo unga ulikuwa wachukuzi watupu, mabilioni kwa mabilioni, wamevuliwa kazi, wakingoja kupewa maji waamke.

Unanijua. Mimi si mtu wa kusema amina kabla mhubiri hajathibitisha. Lakini nilivua kofia mbele ya kile kichupa, na sikuona haya. Ndani yake kulikuwa na kitu kilekile kilichomo ndani ya mfalme na ndani ya mwanamke wa Kitaita anayefua nguo za watu mtaa wa Aziziya. Hakuna aliyetufundisha kukitengeneza. Hakuna wa kukidai. Sisi tunauana kwa ajili ya kabila, na ndani yetu sote anapita hamali mmoja asiyejua kabila.

Nilikuwa bado nimeshika kofia Daktari Faiza aliposema, “Sasa nami nikuulize. Hivyo vifundo nyuma ya visigino vyako, vimekuwapo tangu lini?”

Nikajibu kwa fahari, Mwadime. Kwa fahari! Nikamwambia hiyo ni alama ya ukoo wetu, visigino vya kupandia milima. Nikamweleza jinsi Baba alivyokuwa akimkalisha kila mmoja wetu sisi wavulana kizingitini akitimiza miaka kumi na mitano, akampapasa lile kano la nyuma kwa kidole gumba, na akilikuta nene na gumu kama mzizi akasema, “Huyu ni wetu.” Nikamweleza kaka yetu Mghanga alivyoambiwa ni wetu kabla ya wakati, akabebwa juu kuzunguka nyumba. Na jinsi siku ya kumwosha Mghanga kwa mazishi, Baba Mdogo alivyouinua mguu wake tuuone, akasema, tazameni, hata kifo hakikuweza kuondoa alama.

Hakutikisa kichwa wala hakunionea huruma. Aliuliza tu, kama karani.

“Baba yako yu hai?”

“Hapana. Alianguka shambani, jembe mkononi.”

“Umri wake?”

“Arobaini na minne.”

“Na huyo kaka yako?”

“Thelathini na tisa. Uwanjani, akicheza mpira wa wazee.”

“Walikuwa wanene?”

“Wembamba kama mimi.”

“Na wote walikuwa na visigino hivi.”

Hakuniuliza hilo. Alilisema tu. Hapo ndipo nilipoanza kupigana, maana niliona anakotupeleka. Nikamwambia visigino vyetu vimetokana na milima. Mtu akipanda mlima tangu utotoni, kano hukomaa, kama kiganja cha mkulima kinavyoota sugu. Nilisema vizuri, kwa mifano. Akaniacha nimalize.

“Wake zenu nao hupanda mlima huo?”

“Kila siku. Na kuni na maji.”

“Wamezaliwa hapo au wameolewa wakaja?”

“Wameolewa wakaja.”

“Visigino vyao vikoje?”

Nikanyamaza. Unajua mara ngapi katika maisha yangu nimenyamaza katika mjadala. Unaweza kuzihesabu kwa mkono mmoja na bado ukashika kikombe. Mama amepanda mlima ule miaka hamsini na visigino vyake ni laini. Mke wangu, Mama Neema, laini. Shemeji, mjane wa Mghanga, laini. Lakini Shangazi, dada yake Baba, aliyeolewa Voi kwenye tambarare, asiyepanda hata ngazi, alikuwa na mafundo yaleyale, na alianguka kanisani kabla ya kufika hamsini. Milima haikuwa na hatia. Tulikuwa tumeisingizia.

Daktari Faiza akaniambia kilichopo. Kuna mchukuzi mwingine, tofauti na huyu wa kichupani, anayebeba mafuta na kuyazungusha mwilini. Akimaliza, ini hutoa mikono ya kumpokea na kumtua. Kuna watu wanaozaliwa na mikono pungufu. Ini lao lenyewe linatengeneza mafuta kama kawaida, wale nyama wasile, wanenepe wasinenepe. Lakini mzigo unarudi na haupati wa kuupokea. Unazunguka miaka. Unatua popote panapokubali: kwenye makano ya visigino, kwenye kope za macho, na kwenye mishipa midogo inayolisha moyo. Mfagizi hufagia, lakini mfagizi mmoja hatoshi nyumba inayomwagiwa takataka usiku na mchana. “Kisigino ni dirisha tu, ami,” alisema. “Kilichojaa hapo kimejaa na ndani.” Na jambo hili hurithiwa. Mzazi mmoja akiwa nalo, kila mtoto ni kama kurushiwa sarafu.

Siku hiyohiyo alinipeleka kwa daktari mwenzake, katika kliniki iliyo jengo la pili, nikatolewa damu kwa bima ya kazi. Nikamwambia kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, kwamba nitachelewa Jeddah siku mbili. Akanung'unika, kisha akasema halas, basi, kaa.

Nikalala Kandara, mtaa wa hapohapo Jeddah, kwa Kioko, kile chumba chake karibu na kituo cha zamani cha mabasi ambapo ukinyoosha miguu unagonga jiko. Tukala ugali jioni, nikamweleza yote. Kioko akaweka tonge chini. “Mzee, juzi si ulibeba friji mgongoni orofa tatu, mimi nikabeba mlango wake tu? Na wewe ndio mgonjwa?” Nikamwambia Mghanga naye alikuwa amefunga bao kabla ya kuanguka. Kisha nikamwona mkono wake umeingia chini ya meza, anajipapasa kisigino. Akajipapasa cha pili. “Vyangu ni laini kama vya mtoto,” akasema kwa huzuni. “Kumbe mimi sina ukoo.” Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na sijui yote yalikuwa ya kicheko.

Siku ya majibu nilimwomba daktari aniruhusu kuiona damu yangu. Ilikuwa imetengwa kwenye kijichupa, maji ya manjano yamekaa juu. Nilitegemea kuona mafuta yakielea kama supu, nione adui kwa macho. Yalikuwa maangavu, mazuri, kama chai nyepesi isiyo na maziwa. Kumbe ndiyo hatari yake. Mzigo umefungwa vizuri mno kiasi kwamba jicho halioni kitu. Mashine ndiyo inayoona. Na mashine ilisema nina zaidi ya maradufu ya kile mtu anachotakiwa kuwa nacho.

Hapo nikafanya kosa ambalo bado linaniaibisha. Nilirudi kwa Daktari Faiza, nikasimama mlangoni, nikamwomba anigawie ule unga. Si kwangu. Nilimwambia nina mdogo wangu Taita ambaye kisigino chake ni kinene kuliko changu, na kwamba anaposimama njiani anashika kifua. Nikasema niko tayari kuweka unga huo kwenye barafu mpaka Nairobi, najua kazi hiyo kuliko dereva yeyote katika ufalme huu. Nilisema nitapiga magoti, na nilikuwa nimeanza.

“Simama, ami,” alisema. “Ule si dawa. Ule ni mwalimu.”

Akanieleza kwamba wanautumia kujifunza jinsi mfagizi anavyofanya kazi, na kuhakikisha mashine zao zinapima sawasawa. Dawa yetu sisi ni kitu cha kawaida kabisa: vidonge. Vipo Jeddah, vipo Mombasa, vipo Voi. Vinalibana ini lipunguze kutengeneza mafuta na litoe mikono zaidi ya kupokea. Unameza kila siku, maisha yote, bila kujali unajisikiaje. “Na huyo anayeshika kifua,” akasema, “hasubiri vidonge tu. Apimwe moyo. Kifua kinachobana ukipanda na kuachia ukisimama, huo ni moyo unaomba damu.” Akanitazama. “Ana umri gani?”

Nikamwambia una thelathini na minane. Akasema, “Basi ukifika tu Riyadh, andika barua.”

Sasa nirudi kwenye hoja, maana sikuvuka jangwa ili nisimulie tu. Kwamba mafuta ni maradhi ya wanene: Mghanga alipimwa na fundi wa jeneza, na fundi akasema hajawahi kutumia mbao chache hivyo kwa mtu mzima. Kwamba tunauawa na kijicho: tangu tumzike Baba hatujawasalimia majirani wa ng'ambo ya kijito. Watoto wao tumewafukuza kisimani, na mzee wao amekufa bila mmoja wetu kwenda matangani. Tulimtafuta mchawi nje ya boma kwa miaka yote hiyo, na jambo lenyewe tulikuwa tumelikalisha kizingitini na kulipigia makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Kwamba anayetafuta ugonjwa huupata: ni kweli, na huo ndio uzuri wake. Mghanga hakuutafuta. Uligundua njia wenyewe.

Na hapa nageukia kwako, Baba Mdogo, maana najua barua hii unasomewa, na najua umeketi karibu na mlango ili uweze kutoka kwa hasira. Usitoke. Nataka kusema jambo ambalo sisi watoto tumelijua siku zote na hatukuwahi kulitamka. Mlizaliwa ndugu watano, pamoja na Shangazi. Wanne walikuwa na visigino vile. Wewe huna. Umevaa soksi kwenye jua la Januari tangu nikufahamu. Babu alikupapasa kizingitini akakuacha bila neno, na wenzako wakakuita mtoto wa kuazima. Nilimsikia Baba mwenyewe akikuita hivyo kwenye pombe, ukacheka, ukaenda nje. Nadhani ndiyo sababu umeilinda alama hii kuliko waliokuwa nayo.

Baba Mdogo, wale wanne wako kaburini. Wewe una zaidi ya miaka sitini na bado unanikatiza kwenye simu. Sarafu ilirushwa, ikakuangukia upande mzuri, na sisi tukakufanya uone haya kwa miaka hamsini. Kwa niaba ya Baba, ambaye hawezi tena kusema, nakuomba radhi. Huyo Mungu unayemtetea kwangu kila siku alikuachia damu safi, nawe ukaificha ndani ya soksi.

Tangu siku ile nameza kidonge changu kila jioni, na kila nikimeza nawaza wale watu wasio na jina waliolala wakanyoosha mkono, damu yao ikasafishwa mpaka ikawa unga, ili dereva wa Mgange ajue kilichomuua baba yake. Hawatujui. Hatutawajua. Nimebishana maisha yangu yote na watu ninaowaona; mbele ya hawa sina la kusema.

Msalimie Mama, na umwambie kwamba hakuna alichotupikia kilichotuua. Ajue hilo kabla hajalala. Msalimie dada Wawuda aliyekusaliti kwangu. Amefanya vema, na yeye pia akapimwe, maana ni damu ya Baba hata kama hakuna aliyewahi kumpapasa kisigino kwa kuwa ni msichana. Msalimie mke wangu Mama Neema. Neema na wadogo zake wapelekwe wapimwe shule zikifungwa, na aniambie majibu hata yakiwa mabaya. Msalimie shemeji, mjane wa Mghanga, na watoto wake wote watatu kwa majina. Na mtu mmoja avuke kijito akawasalimie wale majirani. Asiombe msamaha kwanza. Asalimie tu, aketi, anywe watakachompa.

Sasa sikilizeni nyinyi wawili.

Mwadime, toa ile karatasi kwenye Biblia. Jumatatu usilime, usipande mlima na mzigo, usiende kwa miguu. Panda gari mpaka hospitali ya Voi, waambie kifua kinabana, waambie baba na kaka walikufaje, waonyeshe kisigino. Wapime moyo na damu, na usikubali kurudishwa na dawa ya kiungulia.

Baba Mdogo, wewe ndiye utakayekwenda naye. Hatanisikiliza mimi, mimi nimebishana naye sana. Wewe atakusikiliza. Keti pembeni yake mpaka sindano ichomwe, usimwache anyanyuke, na apige simu kwangu akiwa bado amebana pamba mkononi.

Kaka yako, na mwanao,
Mwakio